Shubiri Moja ya Mpira

Kitu chenyewe hakizidi shubiri moja. Ni kimpira cheusi, chembamba kama kidole cha mtoto, kinachotoa petroli kwenye tangi na kuipeleka kwenye kabureta ya mashine ya kukata majani. Kikipasuka, mashine inabaki chuma kitupu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani tulihangaika wiki nzima kwa sababu ya injini, au kisu, au kitu chochote ambacho mtu mwenye akili zake angekihangaikia. Tulihangaikia kimpira.

Mashine ni ya baba. Ni ile ya kusukuma, yenye magurudumu manne, na kazi yake ni nyasi za hospitali, kuanzia getini mpaka mbele ya wodi ya wazazi. Baba alianza kuzikata nyasi hizo kabla sijaolewa, na tangu hapo nimeolewa, nimeachika, nimerudi kwake na cherehani yangu. Mama alipofariki, nyasi zile ndizo zilizobaki za kumwamsha asubuhi. Siku asizokwenda kukata hukaa kitandani akitazama dari, chai inapoa mezani, na nikiingia chumbani namkuta amevaa soksi moja, ya pili ameishika mkononi kama hajui ni ya nini. Kwa hiyo mimi sikuwa nahofia ujira wake. Nilikuwa nahofia asubuhi zake.

Msimamizi wa majengo ya hospitali, mama mmoja mrefu mwenye funguo nyingi na salamu fupi, alikuwa ameshamwambia waziwazi. Jumamosi wanakuja wageni wakubwa. Kuna kampuni ina mashine ya kupanda juu kama trekta, na imeshakuja kujitembeza.

"Mzee wangu," alimwambia, "nyasi zisipokuwa zimekatwa mpaka Ijumaa jioni, kazi nawapa wao moja kwa moja. Sitaki tuje tulaumiane."

Baba akamwambia hakuna wa kumlaumu mwenzake. Jumatatu asubuhi mpira ukapasuka.

Sasa, baba yangu ana bei moja kichwani kwa kila kitu, na bei hiyo ni ile aliyonunulia mara ya mwisho. Mpira wa mafuta mara ya mwisho aliununua wakati mama bado yu hai na nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Tangu hapo dunia yote imepandisha bei, isipokuwa kichwa cha baba.

Jumanne tuliingia mtaa wa vipuri. Nilikwenda naye kwa sababu namjua: ukimwacha peke yake atarudi jioni mikono mitupu na hadithi ndefu. Duka la kwanza kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Tunauza kwa mita, mzee."

"Mimi nahitaji shubiri moja."

"Kwa mita."

"Inayobaki niifanyie nini? Nijifunge kiunoni?"

Kijana akasema hilo ni juu yake. Duka la pili walikuwa nao mpira, ila umefungwa pamoja na tangi jipya, na hawatenganishi. Baba akawaambia tangi analo. Muuzaji akamjibu kwa upole kabisa kwamba basi atakuwa na matangi mawili. Duka la tatu, mwenyewe alinitazama mimi, akatazama mkoba wangu, ndipo akataja bei. Nilikuwa tayari kulipa. Nilishafungua zipu. Baba akanivuta kiwiko mpaka nje.

"Umeona? Bei ameisoma kwenye mkoba wako."

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba hakukosea. Nilimtuma dada mmoja wa kuuza vocha aende akaulize mpira ule ule, naye akatajiwa bei nyingine kabisa, ya chini kidogo. Wauzaji wa mtaa ule hawana haya. Ila mtu hawezi kupigana nao wote kwa wakati mmoja huku nyasi zinaota, na hapo ndipo mimi na baba tunapoachana njia.

Duka la nne lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Huko baba akaona mpira mweupe unaoonyesha ndani, umezungushwa kwenye msumari ukutani, na bei yake ikawa karibu sawa na ile iliyo kichwani mwake. Uso wake wote ukafunguka.

"Baba, huu si ule wa mafundi ujenzi? Si wanatilia maji wanapimia levo?"

"Mpira ni mpira. Petroli haijui kusoma."

Nikamwacha anunue. Nilikuwa na sare za shule za kushona, nimechoka, na miguu inawaka. Nilijiambia labda.

Jumatano akaufunga, mashine ikawaka, akakata kuanzia getini mpaka karibu na mlingoti wa bendera. Jua lilipopanda na injini ikapata moto, ule mpira ukalegea kama tambi, ukachomoka, petroli ikaanza kudondokea injini inayochemka. Muuguzi mmoja alitoka wodini anakimbia na kandambili mkononi.

"Mzee, zima! Zima hicho kitu! Unataka kutuchoma na wagonjwa wetu?"

Baba alizima. Aliisukuma mashine mpaka nyumbani, akaiegesha uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimuuliza kama atakula. Akasema petroli ya siku hizi ni kali mno. Nilitamani kulia na kucheka, nikaingia ndani nikashona vifungo kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Alhamisi tukarudi. Mwisho kabisa wa mtaa, karibu na wanaochomelea mageti, kuna mama anauza vipuri vya injini ndogo nyuma ya dirisha la nondo. Kila mtu anamwita Mama Vipuri. Yeye hakututazama viatu wala mkoba. Alimuuliza baba ni mashine ya aina gani, akashusha mviringo wa mpira mweusi, akamwonyesha palipokatwa: ndani kuna nyuzi, zimesukwa.

"Huu ndio wa petroli. Haulegei, haukauki. Nakukatia shubiri moja, mbili, upendavyo."

Kisha akataja bei. Ilikuwa sawa na walizotaja wengine, pengine pungufu kidogo. Baba akamtajia yake, ambayo ilikuwa kama robo.

"Hapana, mzee. Hata mimi nimenunua."

"Mama, nimeanza kununua hii mipira wewe ukiwa shule."

"Basi ungenunua mingi wakati ule."

Nilicheka. Baba hakucheka. Alifanya kile anachokifanya siku zote: aligeuka akaondoka polepole, akisubiri kuitwa. Ana mwendo wake maalumu wa kusubiri kuitwa, bega moja limelegea. Hakuna aliyemwita. Akafika kwenye kona, akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba. Bado hakuitwa. Mimi nimesimama katikati, jua la utosini, nyuma yangu mpira upo na mbele yangu baba yupo, na kati yao ni pesa isiyofika hata bei ya zipu za sare ninazoshona. Damu ilinichemka.

"Baba, kesho ni Ijumaa!"

"Najua siku za wiki."

"Basi nilipe mimi. Nilipe, tuondoke, ukakate nyasi."

Akasimama. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha.

"Ukiilipa bei ile, mashine siigusi. Siwezi kusukuma kitu huku najua kwamba nimeibiwa. Nitakuwa nasukuma ujinga wangu."

Namjua. Akisema hagusi, hagusi. Kuna redio nzima ndani ya nyumba yetu haijawahi kuwashwa kwa sababu fundi alimzidishia bei ya kuitengeneza.

Jioni ile, maduka yakianza kufungwa, nilimwambia nakwenda kununua uzi. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Vipuri, nikamkuta anaingiza meza yake ndani.

"Mama, samahani. Yule mzee wa mchana ni baba yangu."

"Nimemkumbuka. Kamba za viatu."

Nikamweleza yote. Msimamizi, kampuni, wageni, dari na soksi. Nikaweka pesa juu ya meza. "Hii ni robo tatu ya bei yako. Kesho asubuhi nakuja naye. Mtajie robo tu. Akilipa, wewe umepata chako chote, na yeye ameshinda."

Aliitazama ile pesa, akanitazama mimi.

"Mwanangu, mimi nauza vipuri. Sifanyi maigizo."

"Mara moja tu."

"Watu wa namna hii hawaishii mara moja." Lakini akaichukua, shingo upande. "Naifanya kwa ajili ya zile nyasi. Mtoto wangu wa mwisho nilijifungulia pale."

Ijumaa asubuhi nilimwambia baba tupite tu, huenda yule mama amelala akapata busara. Alikubali haraka mno, ndipo nikajua kwamba naye hakulala. Tulipofika, Mama Vipuri alikuwa tayari ameushika mpira. Akataja ile bei ya baba akitazama pembeni, kama mtoto anayesoma shairi asilolipenda.

Baba akakunja uso. "Jana ulisema nyingine."

"Jana nilikuwa na hasira."

"Ya mwisho?"

"Mzee!" Nilimwona amebana meno. "Ya mwisho."

Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Nilishaanza kufikiria vitambaa vyangu. Baba akaweka mikono yote miwili juu ya meza, akavuta pumzi, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi ya mama.

"Unajua, mama, kwa bei ya haki namna hii, kununua shubiri moja ni matusi. Nikatie urefu wa mikono kumi."

Mama Vipuri hakuinua mkasi. Aliinua macho tu, akanitazama juu ya bega la baba, na macho yale yalisema kila kitu kuhusu watu wasioishia mara moja. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema baba, mikono kumi ya nini. Lakini alikuwa anatabasamu. Nikatikisa kichwa kukubali, nikamwonyesha kwa kidole kwamba nitarudi kulipa, na moyoni nikaiaga pesa yote ya vitambaa vya sare, na wazazi wa wanafunzi nikaanza kuwatungia maneno.

"Ya nini yote hiyo, baba?" niliuliza tulipotoka, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango.

"Pale hospitali wote wanaibiwa. Fundi wa jenereta, jamaa wa pampu ya maji, wale vijana wa pikipiki getini. Nitawagawia kwa bei ile ile. Sichukui faida."

Tuliichukua mashine nyumbani, akaufunga mpira pale pale kwenye nyasi za hospitali, kwa koleo na klipu mbili, kisha akavuta kamba. Mashine iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Sitasema uongo, nilifurahi. Petroli ilipita, hapakudondoka hata tone, na baba akashika mpini akaanza mstari wake wa kwanza, umenyooka kama umepigwa rula. Nilipitia kwa Mama Vipuri nikamlipa na kumwachia namba yangu, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa maskini lakini mwepesi.

Wepesi wenyewe ulikaa mpaka mchana. Simu ikaita.

"Njoo umchukue baba yako," alisema Mama Vipuri. Nyuma yake nilisikia kelele za wanaume.

Nilipofika, mbele ya dirisha la nondo palikuwa pamejaa. Fundi wa jenereta alikuwepo na ovaroli yake, jamaa wa pampu, waendesha pikipiki watatu, na wengine wawili nisiowajua wameshika vipande vya mipira iliyochakaa. Baba alikuwa amewagawia mpira wake mpaka ukaisha, na waliokosa akawatuma dukani: nendeni kwa yule mama, mwambieni mmetumwa na mzee wa nyasi. Walikwenda, wakatajiwa bei ya kawaida, wakarudi kumwambia mzee ametia chumvi. Basi baba akaiacha mashine katikati ya nyasi, Ijumaa, nusu ya kazi bado, akaja kumtetea Mama Vipuri.

"Huyu mama hadanganyi," alikuwa anawaambia, vipande vya majani vimemganda kwenye suruali. "Mmemwelewa vibaya. Mama, waambie. Bei uliyonipa mimi asubuhi si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo niliyokupa."

"Basi wape na wao."

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini?"

Mama Vipuri alikunja mikono kifuani.

"Kwa sababu ni tapeli," alisema mwendesha pikipiki mmoja. "Anaangalia sura. Sisi ameona tuna sura ya pesa."

"Tapeli kabisa," akadakia mwingine. "Kumbe siku zote anatupiga."

Mwanamke yule hakumwibia mtu hata senti, alitukanwa dukani kwake mchana kweupe, na alikuwa na neno moja tu la kuwanyamazisha, akalimeza kwa sababu alinipa ahadi. Nilimwona baba naye ameanza kumtazama kwa jicho la shaka. Hilo sikuweza kulivumilia.

"Si tapeli," nilisema. "Mimi ndiye niliyelipa. Robo tatu nimelipa mimi. Bei yake ni ile ile, kwa kila mtu."

Waendesha pikipiki wakamtazama baba.

Baba alinigeukia. "Ya shubiri moja?"

"Ya yote, baba."

"Mikono yote kumi?"

"Yote."

Fundi wa jenereta alitoa kipande kipya mfukoni, akakiangalia kama kimemng'ata. "Dada, mimi nacho hiki. Sijui nikirudishe wapi. Sitaki kesi." Mtu mmoja akacheka, kisha akajutia kucheka. Baba alivua kofia, akamwinamia Mama Vipuri kidogo.

"Nisamehe kwa usumbufu, mama," alisema, akaondoka. Safari hii hakuwa na bega lililolegea wala hakusubiri kuitwa na mtu.

"Nilikwambia," alisema Mama Vipuri. Hakusema kwa ubaya. "Mfuate basi."

Nilimkuta amepiga magoti kando ya mashine. Nyasi zilikuwa zimekatwa kutoka getini mpaka kupita mlingoti kidogo, maana asubuhi aligawa mpira kuliko alivyokata, na zilizobaki, mpaka wodi ya wazazi, zilifika kwenye vifundo vya miguu. Alifunga bomba la tangi, akalegeza klipu kwa koleo, akauchomoa mpira polepole, akaufuta kwa kitambaa. Kisha akanipa.

"Hiki ni chako."

"Baba, msimamizi anapita muda si mrefu."

"Afanye apendavyo."

"Unaipoteza kazi kwa sababu ya shubiri moja!"

"Unadhani sijui kwamba mimi ni mbishi? Najua. Mama yako alinifahamisha kila siku." Akafuta mikono. "Leo asubuhi nimewaambia watu wazima wenzangu kwamba bado wapo wauzaji wa haki, na kwamba mtu akivumilia atawapata. Nimewaambia kwa furaha. Na wewe, uliyesimama nyuma yangu nikinunua, ulikuwa unajua."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini na hasira ilikuwepo, nayo ndiyo iliyotangulia kutoka mdomoni, kama kawaida yangu.

"Na mimi je? Wewe ukilala unatazama dari, nani anakutazama wewe? Nilitaka ubaki na kazi yako, basi. Bei sikuijali, haki sikuijali. Nilitaka uamke!"

Alinyanyuka, akaenda kukaa kwenye benchi ambalo ndugu wa wagonjwa hukaa kusubiri habari za wodini, akaweka kofia juu ya goti, akatazama upande wa pili.

Basi nikapiga magoti mimi, na gauni langu la kazi na futi ya kupimia shingoni. Mashine ile nimekua nayo, najua inavyofungwa. Nilirudisha mpira, nikabana klipu, nikafungua bomba, nikavuta kamba. Haikuwaka. Nikavuta tena, ikanichapa vidole. Nikaitukana, nikavuta mara nyingine, ikanguruma. Nikaanza kusukuma.

Kuijua mashine na kujua kukata ni vitu viwili tofauti. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda kulia kama mlevi. Wa pili ulijaribu kuurekebisha wa kwanza, ukaacha mkanda mzima wa majani marefu katikati. Kwenye kona nilipanda tuta la maua, nikakata mawili. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanatazama, na bibi mmoja alimuuliza baba kama yule dada ni mzima. Baba akasema hajui.

Nilikuwa katikati ya fujo yangu ya nne au ya tano niliposikia funguo. Msimamizi alikuwa amesimama ukingoni, ameinua mkono nizime. Nikazima.

"Wewe ni nani? Nani amekuruhusu kushika hiyo mashine?"

Kabla sijajibu alimwona baba kwenye benchi. Uso wake ukalainika, na ule ulaini ulinitisha kuliko ukali wake wote.

"Ah, mzee wangu. Umechoka. Ungeniambia tu, hakuna ubaya." Alikuwa ameshatoa simu. "Wale wa kampuni wapo tayari, hata sasa hivi wanakuja. Wewe umefanya kazi yako miaka yote hii. Pumzika sasa."

Mimi ni mtu wa maneno. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza wiki ile hapakuwa na neno ndani. Kila nililoweza kusema lilikuwa uongo mwingine, na uongo wangu nilishaona unapotufikisha. Nilibaki nimeshika mpini tu. Nilimtazama baba, nikamwomba kwa macho, na sikujua hata namwomba nini.

Baba akavaa kofia. Akanyanyuka kwenye benchi, magoti yakalia, akaja mpaka pale tulipo.

"Sijachoka," alimwambia msimamizi. "Huyu ni kibarua wangu."

"Kibarua?"

"Nimemchukua leo. Eneo ni kubwa, na mimi sasa ni mtu mzima, nahitaji mtu wa kunisaidia. Ana papara, lakini ana nguvu."

Msimamizi akazitazama nyasi. "Mistari yake, mzee."

"Imepinda, naiona. Atairudia yote."

Akanitazama mimi, paji langu la uso, kisha paji la baba. Si mtu mjinga yule mama. "Si mwanao huyu?"

"Nyumbani ni mwanangu. Hapa ni kibarua."

Alisimama muda, simu mkononi. Kisha akairudisha mfukoni. "Napita tena kabla ya giza," alisema, akaenda zake na funguo zake.

Nilisubiri baba achukue mpini. Hakuuchukua. Alichuchumaa, akagusa klipu niliyoifunga, akaona imelegea, akaibana kwa koleo mpaka ikakaa. Akapitisha kidole kwenye mpira kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta unyevu. Hapakuwa na unyevu.

"Baba," nilisema, "nisamehe."

"Kwanza rudi pale ulipoanzia kuharibu. Usitazame gurudumu. Tazama kitu kilicho mbali, ule mlango wa wodi, uende nao."

"Baba, nimesema nisamehe."

"Nimesikia. Vuta kamba."

Nikavuta. Mashine ikawaka, nikaanza upya, naye akatembea kando yangu mikono nyuma, hatua kwa hatua, akinionyesha kwa kidevu nikienda kombo. Tulikuwa tumefika nusu ya mstari ndipo nilipoelewa alichokitoa pale mbele ya msimamizi. Maisha yake yote hajawahi kumwambia mtu kwamba anahitaji msaada, hata mama alipokuwa kitandani. Leo alisema, hadharani, bila kuomba kupunguziwa chochote, ili mimi nisilazimike kusema uongo mwingine na yeye asirudi kwenye dari. Nilianza kulia. Sikuweza kufuta machozi kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini, na mpini ukiuachia mstari unapinda. Baba aliniona, akatazama mbele. Nikaukazia macho mlango wa wodi, nikasukuma.